Chumvi ya Ng'ombe

Kila asubuhi Zephaniah Mwandawiro alimnywesha mkewe dawa kama anavyomnywesha ndama. Alisimama mbele yake miguu ameitanua, akampa kidonge, akampa maji, akangoja mpaka aone koo limepanda na kushuka. Ndipo alipochukua fimbo na kofia akaenda kazini, kwenye ranchi ya hapo hapo Ndara ambako alikuwa msimamizi wa wachungaji. Na kofia ikishapotea nyuma ya ua wa miiba, Tryphena alikitoa kidonge chini ya ulimi, akakitazama kilivyoanza kulowa, kisha akakitupa kwenye majivu nyuma ya jikoni na kukifukia kwa kidole cha mguu.

Hakuwa mtu wa kudanganya. Katika ndoa yao hata bei ya leso hakuwahi kuficha, na jirani akimuuliza kama gauni limempendeza, alimwambia ukweli hata kama swali liliulizwa mlangoni mwa kanisa. Lakini sasa alikuwa amefika mahali ambapo hakujua tena amwamini nani. Kansa ya titi la kushoto ilikuwa imetibiwa. Alipigwa kemo mpaka nywele zikaisha, akapasuliwa, akapelekwa Mombasa kuchomwa miale. Mwishowe daktari alimwambia amemaliza matibabu na ameendelea vizuri, na hapo hapo akampa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano.

"Kama nimepona, dawa ni ya nini?" Tryphena alimuuliza.

"Ni ya kuzuia isirudi, mama."

Alikubali, akameza. Baada ya muda vidole vikaanza kukakamaa asubuhi, magoti yakawa yanalia akiinuka, lakini alivumilia kwa kuwa alikwisha kuvumilia makubwa zaidi. Kisha siku moja alijikwaa kwenye kamba ya mbuzi pale uani, akatanguliza mkono wa kulia. Ilikuwa ni kuanguka kwa kawaida kabisa. Mtoto angeinuka akapangusa magoti na kuendelea kucheza. Yeye aliinuka mkono umepinda.

Katika chumba cha plasta, foleni imejaa mpaka kwenye veranda, daktari kijana alimwambia huku akilowesha bandeji, "Mama, mifupa yako imekuwa myepesi. Hiyo dawa yako ya kansa ndiyo hufanya hivyo. Rudi kliniki yako wakueleze vizuri." Kisha akaita mgonjwa mwingine. Tarehe ya kliniki ilikuwa mbali bado, na Tryphena alirudi nyumbani na mkono mweupe na maneno hayo peke yake.

Aliyageuza kichwani njia nzima. Kidonge cha kumlinda ndicho kilichokuwa kikimla. Akikimeza, mifupa itavunjika mmoja baada ya mwingine. Asipokimeza, kansa inaweza kurudi. Alichagua kutomeza, wala si kwa sababu alikuwa na hakika. Mkono uliovunjika alikuwa akiuona, na kansa hakuwa akiiona.

Sasa hakuwa na mkono. Wa kulia ulikuwa kwenye plasta, na wa kushoto ulipigwa marufuku tangu upasuaji, kwa sababu tezi za kwapani zilitolewa pamoja na titi na aliambiwa mkono unaweza kuvimba. Kazi ikawa ya Zephaniah. Alimfulia nguo, akamfunga kilemba kikakaa upande, akajifunza kufunga sidiria kwa vidole vilivyozoea kamba na kwato. Upande mtupu wa sidiria Tryphena alikuwa akiujaza kitambaa alichokishona mwenyewe. Zephaniah alikiweka juu mno, na Jumapili moja walifika kanisani titi moja liko karibu na bega. Hakuna aliyecheka, na kutochekwa huko kulimuuma kuliko kicheko. Kayamba aliyokuwa akiicheza kwenye kwaya wakampa mama mwingine. Walimwambia apumzike.

*

Immaculate, dada mkubwa wa Zephaniah, alikuja kutoka Voi mjini kwa bodaboda, mkoba kifuani na simu mkononi. Alikuwa na duka la sare za shule, na tangu wifi yake augue alikuwa amegeuka daktari wa familia nzima, akitoa maagizo kwa sauti zilizorekodiwa kwenye simu. Alimpenda Tryphena kweli, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumbishia.

"Usiinuke! Wewe kaa hapo hapo!" alipiga kelele hata kabla hajashuka.

"Nataka kukupa kiti, wifi."

"Kiti nitajipa. Wewe mfupa ukivunjika tena kwa sababu yangu nitasema nini? Na unafanya nini kwa jua? Ile miale ya Mombasa ilikuchoma ngozi vya kutosha. Ingia ndani."

Tryphena akaingia ndani. Mlangoni alikuwa amesimama Kalondu, jirani Mkamba aliyekuja kila siku kuchukua maziwa ya kwenda kuuza mjini. Aliweka mtungi wake chini, akatazama kikombe kilichokuwa mezani.

"Mama Ben, haya maziwa yote mnaniuzia mimi, na wewe mwenyewe unakunywa strungi?"

"Maziwa inalisha kansa," Immaculate alimjibu kwa niaba yake. "Nyama pia. Kuna daktari mmoja ako YouTube, anaeleza mpaka unaogopa. Anasema maziwa ni chakula ya ndama."

"Mimi nimelea watoto wangu wote nayo."

"Walikuwa na kansa?"

Kalondu alimtazama Tryphena, akitaka aseme neno, na Tryphena akatazama strungi yake, chai isiyo na tone la maziwa. Alikuwa anapenda maziwa ya mgando kupita chakula chochote. Kuna siku aliyanusa tu kwenye kibuyu kisha akakifunika.

"Basi angalau tutembee," Kalondu alisema. "Mguu unaomba barabara. Twende mpaka kwa maduka na kurudi, polepole."

"Atembee wapi? Jana ndovu si walikuwa hapo kwa tangi la maji? Akikimbizwa na ndovu na hiyo mifupa?" Immaculate alitikisa kichwa. "Huyu ni wa kukaa. Tumeshampigania sana, hatuwezi kumpoteza kwa kutembea."

Kalondu akajitwika mtungi wake akaenda. Baadaye kaka na dada walitoka nje wakasimama karibu na zizi, na Immaculate, ambaye hakujaliwa sauti ya kunong'ona, akasema:

"Zephaniah, mfupa wa mtu haukatiki hivi hivi. Hiyo kitu imeshuka kwa mifupa. Mke wa Mulinge ilimwanza hivyo hivyo, mkono kwanza. Mpigie Ben akuje amwone mama yake akiwa bado anaongea."

Zephaniah alikuwa akivunja kijiti vipande vidogo vidogo.

Tryphena aliyasikia yote akiwa amekaa pale alipoambiwa akae. Daktari wa plasta alisema ni dawa; wifi anasema ni kansa yenyewe. Kama ni dawa, amefanya vizuri kuitema. Kama ni kansa, basi kila asubuhi anaifungulia mlango kwa mkono wake. Alitamani kumwita mtu amuulize, lakini kuuliza ni lazima kwanza aseme anachofanya nyuma ya jikoni, na hilo hakuliweza.

*

Tangu siku hiyo Zephaniah alianza kupika uji mwenyewe. Aliamka mapema, akauchemsha, akauleta kwenye kikombe cha maua cha mkewe na kukaa mbele yake mpaka uishe. Ulikuwa na ladha ngeni. Ulikuwa na chumvi, lakini nyuma ya chumvi kulikuwa na kitu cha kukwaruza, kama mtu amelamba msumari.

"Umetia nini humu?"

"Unga mpya," Zephaniah alisema, akitazama dirishani.

Mwanamume akipika uji kwa mapenzi hupaswi kumuuliza sana, kwa hiyo aliunywa. Kiu ikamshika. Tumbo likaanza kumkata, kisha kumwendesha, na chakula kikamchefua. Alikwenda na kurudi chooni, plasta ikigonga mlango wa mabati, mpaka majirani wakaujua mlio huo. Jambo la kushangaza ni kwamba vidole vilikuwa vimelegea tangu aache kidonge. Asubuhi aliweza kuvikunja bila maumivu. Sasa anapona au anakufa? Mwili ulikuwa unamwambia mambo mawili kwa wakati mmoja, na kila moja lilikuwa kweli.

Aliamini kansa imefika tumboni. Hakumwambia mtu. Alianza kumtazama mumewe kwa siri anapokula, anapovua viatu, akifikiri jinsi atakavyopika vibaya atakapokuwa peke yake.

Mchana mmoja alikwenda stoo kutafuta kamba ya kuanikia nguo, kazi ambayo kwa kweli hakuruhusiwa kuifanya. Kwenye kona kulikuwa na gunia la chumvi ya ng'ombe, ile ya madini ambayo hutiwa kwenye mabirika ya kulambia, lenye picha ya fahali mwenye afya kuliko watu wengi wa Ndara. Gunia lilikuwa limefunguliwa. Ndani yake, kimezama nusu kwenye unga wa kijivu, kulikuwa na kikombe cha maua.

Alikichukua, akachovya kidole, akalamba. Msumari ule ule.

Zephaniah aliporudi kula chakula cha mchana alimkuta amekaa mlangoni, kikombe mapajani.

"Baba Ben. Kikombe changu kilikuwa kinafanya nini ndani ya gunia la ng'ombe?"

Alivua kofia. Aliitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa huko.

"Ni kidogo tu. Kijiko kimoja."

"Kwa uji wangu?"

"Imeandikwa hapo kwa gunia. Ya kuimarisha mifupa. Iko na kalsiamu, iko na fosforasi..." Alionyesha zizi kwa kofia. "Unakumbuka ile ng'ombe yetu nyekundu? Ilizaa, ikalala chini, shingo imepinda, tukajua imeenda. Daktari wa mifugo akaichoma hiyo kalsiamu. Hata hajamaliza kukunja mpira wake, ng'ombe imesimama. Niliona na macho yangu, Mama Ben. Ilisimama."

"Kwani mimi ni ng'ombe?"

"Sijasema wewe ni ng'ombe."

"Umenipa chumvi ya ng'ombe! Nimekaa chooni nikijua nakufa! Nilishaanza kufikiria nguo ya kunizika!"

"Maziwa umekatazwa," Zephaniah alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka. "Nyama umekatazwa. Daktari anasema mifupa ni myepesi, dada anasema ni ile kitu imeshuka, na mimi nakuona unakwisha. Ningefanya nini? Kitu ninachojua mimi ni ng'ombe."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Mtu mwenye akili angekataa!"

Mwanamume yule mkubwa alikaa chini mavumbini, mgongo kwenye ukuta, akafunika uso kwa kofia. Tryphena alimwona mabega yakitikisika. Hapo ndipo angesema lake. Mlango ulikuwa wazi kabisa: wewe umenidanganya, na mimi nimekudanganya, tucheke, tulie, yaishe. Lakini mtu aliyeugua siku nyingi, akiogeshwa na kuvishwa, hupata mara chache nafasi ya kuwa na haki dhidi ya mwingine. Aliionja haki hiyo, akaiona tamu, akanyamaza.

"Kesho tunaenda kliniki," Zephaniah alisema chini ya kofia. "Sitangoja tarehe. Nitamwambia daktari mimi mwenyewe nilichofanya."

*

Pikapu ya ranchi iliwashusha mbele ya hospitali mjini Voi. Kliniki ya saratani ilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa korido, na ndani yake alikuwapo Muinde, daktari mnene wa sauti ya chini ambaye alimjua Tryphena tangu siku za kemo.

Zephaniah alikataa kukaa. Alisimama kofia mkononi kama mtu aliyeletwa mbele ya chifu, akaeleza yote: gunia, kijiko, uji, na ng'ombe aliyesimama. Hakujitetea hata kidogo. Mama mwingine aliyekuwa akipimwa presha pembeni aliziba mdomo kwa leso, na Zephaniah alimwona, na bado akamaliza.

Muinde hakucheka. Aliuliza kijiko ni kikubwa kiasi gani, na ni kwa muda gani. Akaagiza damu ipimwe kuangalia figo.

"Mzee, hiyo chumvi imepimiwa mnyama mkubwa. Ina shaba na vitu vingine ambavyo mtu anahitaji kidogo sana. Hilo tumbo ndilo lilikuwa linakuambia uache. Usimpe tena."

"Sitampa."

"Kalsiamu anaihitaji kweli, lakini aipate kwa chakula. Maziwa. Samaki wadogo kama omena, pamoja na mifupa yao. Mboga."

"Maziwa amekatazwa."

"Na nani?"

Zephaniah na Tryphena walitazamana. Ilikuwa vigumu kumtaja Immaculate mbele ya daktari.

"Maziwa ya kawaida hayarudishi kansa," Muinde alisema. "Anywe. Akae kwa jua la asubuhi. Atembee kila siku. Mfupa usiopewa kazi hulegea. Na huo mkono wa kushoto, mama, uliambiwa usibebe mizigo, hukuambiwa uufanye pambo. Uanze na kitu chepesi, uongeze polepole. Ukiona unavimba, uje."

"Na huu uliovunjika?" Zephaniah aliuliza. "Ni ile kitu imeshuka?"

Muinde aliinua picha ya eksrei waliyokuja nayo kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda.

"Hapa naona mfupa mwepesi uliovunjika kwa kuanguka. Sioni kansa kwa hii picha. Kuna kipimo cha kujua mifupa yote iko hali gani, tutawatuma Mombasa. Na kuna dripu ya kuilinda, hutolewa mara chache kwa mwaka, lakini kwanza damu na meno viangaliwe." Akachukua kalamu. "Vidonge unameza kila siku?"

"Anameza," Zephaniah alisema haraka. "Mimi mwenyewe ndiye humpa maji."

"Na vidole? Bado vinakaza asubuhi?"

"Vimelegea," Tryphena alisema, kwa kuwa ndio ukweli.

Muinde alitabasamu. "Vizuri sana! Basi mwili umeizoea dawa. Wengi huwashinda hapo. Kwa upande wa kansa sina wasiwasi na wewe, mama. Tushughulike na mifupa tu."

Zephaniah naye akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu mkono uvunjike, na lilimfanya aonekane kijana. Tryphena alilitazama akahisi kuumwa moyo. Watu hawa wawili walikuwa wanakwenda kulinda mifupa yake kwa dripu na maziwa na jua, na upande ule mwingine, ule wa kuua, hakukuwa na mlinzi, na hakuna aliyejua ila yeye. Akinyamaza sasa atatoka hapa akiwa mgonjwa anayesifiwa. Mumewe alikuwa amesimama mbele ya watu akakubali kuwa mjinga kwa ajili yake.

"Simezi," alisema.

Kalamu ya Muinde ikasimama.

"Humezi nini?" Zephaniah aliuliza.

"Vidonge. Tangu mkono."

"Nilikuona ukimeza."

"Nilimeza maji. Kidonge nilikuwa nakitupa jikoni, kwa majivu."

Zephaniah alitafuta kiti nyuma yake kwa mkono, akakaa. Yule mama wa presha aliondoa leso mdomoni. Sasa hakukuwa na cha kuchekesha. Muinde aliweka kalamu chini, akauliza bila ukali, "Kwa nini, mama?"

"Daktari wa plasta aliniambia hiyo ndiyo imenivunja."

"Alikuambia kweli, lakini hakumaliza. Hiyo dawa inapunguza homoni ambayo kansa yako ilikuwa inaitumia kukua. Mifupa nayo ilikuwa inaitegemea hiyo homoni, ndiyo maana inakuwa myepesi. Kwa hivyo tunaizuia kansa kwa kidonge, na mifupa tunailinda kwa njia nyingine. Ni vyote viwili pamoja."

"Nikimeza, na ninywe maziwa, nitembee, niwekwe hiyo dripu, sitavunjika tena?"

"Sijui. Uwezekano utapungua."

"Na kansa haitarudi?"

"Hiyo pia sijui. Uwezekano utapungua."

"Daktari, kuna kitu unajua?"

Muinde hakukasirika. "Najua ukiacha, uwezekano unapanda. Kidonge kikikushinda, viko vya aina nyingine, tutajaribu. Lakini ni lazima uniambie."

Tryphena aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ametarajia kutoka humo akiwa na jibu, na alichopewa ni uwezekano.

*

Zephaniah alitangulia kutoka, akapita lango la hospitali, akaendelea kutembea bila kutazama nyuma. Tryphena alimfuata kwenye jua, plasta imening'inia kifuani, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakuna aliyemwambia aangalie asijikwae. Alimfikia karibu na kibanda cha soda.

"Ngoja basi."

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi nimekudanganya kwa chumvi," alisema. "Wewe umenidanganya kwa kifo chako. Nasimama hapo kila asubuhi na maji, najiambia leo tena amekingwa, naenda kazini na roho yangu imetulia. Kumbe naenda kazini nimekuacha unajiua."

"Sikutaka kufa."

"Ulitaka nini?"

"Niliogopa kuvunjika." Watu walikuwa wakipita, lakini hakushusha sauti. "Hujui kubebwa kulivyo, Baba Ben. Unanifunga sidiria. Unaniweka titi. Kansa ikirudi nitakufa, nimalize. Mfupa ukivunjika, kisha mwingine, nitakuwa nakaa kwa kiti nikifungwa vifungo na wewe mpaka tuzeeke. Hiyo ndiyo ilinishinda."

"Nimewahi kusema nimechoka?"

"Hujasema. Mimi ndiye nimechoka."

Simu ya Zephaniah ililia. Aliiangalia, akampa. Ilikuwa Immaculate, na hakungoja salamu. "Zephaniah, wamesema imefika wapi? Ben yuko njiani, amepanda treni."

"Ni mimi, wifi," Tryphena alisema. "Haijafika popote. Ni mifupa tu imekuwa myepesi. Nimeambiwa ninywe maziwa na nitembee."

"Utembee? Na hii jua?"

"Niko barabarani saa hii."

Immaculate akasema kwa sauti ndogo ambayo Tryphena hakuwahi kuisikia kwake, "Kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa nakuua njaa?"

"Ulikuwa unaniogopea, wifi. Tutaongea. Mpokee Ben."

Alirudisha simu. Kwa mkono wa kushoto akatoa pakiti ya vidonge kwenye mkoba, akajaribu kukibonyeza kimoja kitoke. Vidole vya mkono ule vilikuwa vimesahau nguvu. Alijaribu tena, kisha akamnyooshea mumewe pakiti. Zephaniah alikitoa kidonge, akakiweka kwenye kiganja chake, akanunua chupa ya maji pale kibandani na kumfungulia kifuniko.

Tryphena aliweka kidonge ulimini. Aliogopa kama siku ya kwanza. Labda ilikuwa sawa, labda mwaka kesho atakuwa amelala na paja limevunjika akikumbuka kibanda hiki cha soda. Akanywa. Halafu akafungua kinywa wazi na kuinua ulimi, ili mumewe aone hakuna kitu.

Zephaniah aligeuza uso.

"Funga mdomo," alisema. "Sitaki kuangalia tena."

"Nataka uamini."

"Leo naamini. Kesho utaamka uogope tena, najua, hata mimi nitaogopa. Ukitema, uniambie umetema. Ni hilo tu nataka. Usiniache nikijua uko na kumbe hauko."

Tryphena alitaka kuahidi kwamba hatatema kamwe, akaona atakuwa anamdanganya tena.

"Nitakuambia," alisema.

Wakaanza kutembea kuelekea stendi, polepole, yeye upande wa ndani wa barabara. Hawakushikana mikono, kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa kwenye plasta na mwingine ulikuwa umebeba chupa ya maji.